Uongozi Unasikitishwa na Sauti ya Cherehani

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako la kushoto limeacha kutabiri mvua. Huku sote wazima. Mama anakusalimu sana. Amepata miwani mpya na tangu aipate hana raha, kwa sababu anasema hakujua nyumba yake ni chafu kiasi hiki wala kwamba mimi nimekonda. Anasema pia ungekuwa mtu wa kupokea simu tusingehangaika na stempu. Lakini mimi najua msimamo wako: simu ni ya habari mbaya na ya watu wenye haraka.

Sasa nije kwenye shida yangu. Nimefika kwenye tasnifu, na tasnifu imenifika shingoni. Natafiti jinsi watu wanaopanga jengo moja wanavyoishi pamoja. Niliandaa dodoso zuri nikalipeleka mtaani, nikamuuliza mama mmoja kama amewahi kugombana na jirani. Akajibu, "Hapana, kamwe," huku anamwagia jirani maji ya vyombo mlangoni. Profesa wangu aliposikia akasema watu wakiulizwa huvaa nguo za kutokea, kwa hiyo niachane na kuuliza, nitafute nyaraka. Karatasi iliyoandikwa kabla sijafika hainijui, haina haja ya kunifurahisha.

Nikakukumbuka wewe, Mjomba, na lile boksi la sabuni chini ya kitanda chako. Wewe ndiye mwangalizi wa jengo pekee ninayemjua ambaye kila tangazo analobandika ubaoni analipa namba, na likizeeka analihifadhi. Naomba uniazime yote. Tafadhali usiyachambue, usiyasafishe, na usimwambie mpangaji yeyote. Wakijua wanasomwa, wataharibika.

Nategemea huruma yako.

Mpwa wako

25 Februari

Mpwa wangu, msomi wa ukoo,

Marahaba. Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Goti halijambo, mvua hakuna. Mwambie dada yangu miwani haileti uchafu, uchafu ulikuwepo toka tukiwa wadogo, upande wake wa chumba.

Nimefurahi kwamba hatimaye chuo kikuu kimetambua kazi ya jengo hili. Mwenye nyumba hajakanyaga hapa tangu tupake rangi, na rangi hiyo imeshabanduka. Anayesimamia nidhamu ni ubao ule chini ya ngazi, na ubao hausimami wenyewe.

Nakutumia boksi zima. Uliniambia nisisafishe, na mimi ni mtu wa kufuata maelekezo, kwa hiyo sikusafisha. Nimeyapiga pasi tu. Huwezi kupeleka karatasi zenye makunyanzi kwa profesa akadhani hatukulelewa. Matatu manne yameungua pembeni, lakini maneno yamesalimika.

Ili usipotee, nikutambulishe. Ghorofa ya kwanza yuko Dereva wa lori, mwenye ndoo inayopotea kila mara kwa sababu anaiacha popote. Ghorofa ya pili yuko Mwalimu mstaafu, anayesahihisha matangazo yangu kwa kalamu nyekundu. Utaona alama zake, zipuuze. Ghorofa ya tatu kuna mwanamke, Fundi wa nguo. Ana cherehani. Kuhusu Fundi sina la ziada.

Sikumwambia mtu kuhusu utafiti wako. Nilimdokeza Mwalimu tu, na akaapa kukaa nalo.

Samahani kwa mwandiko, nimeandika nikiwa nimesimama zamu. Koti langu la kazi sasa lina mfuko mpya wa kuwekea pini za ubao, unanirahisishia kazi sana.

Mjomba wako,
Uongozi

20 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mzigo umefika, na chumba changu chote kinanuka pasi. Mama ameyasoma matangazo yote kwa miwani yake mpya akacheka mpaka akaomba maji. Meno yake ya nyuma yaliyokuwa yakimuuma yametulia. Paka amezaa kwenye sanduku la nguo zangu, kwa hiyo navaa gauni moja wiki nzima.

Mjomba, hujui ulichonitumia. "Uongozi unasikitika kuona ndoo ya mpangaji wa ghorofa ya kwanza ikisafiri kuliko mwenyewe." Profesa wangu ameibandika hiyo ofisini kwake. Lakini kilichomtoa machozi ya furaha ni cherehani. Zaidi ya nusu ya matangazo yote ni malalamiko juu ya cherehani ya ghorofa ya tatu, miaka nenda miaka rudi. Anasema hapa pana mgogoro, na mgogoro kwa mwanasosholojia ni kama mfupa kwa mbwa.

Ila anasema waraka haumezwi mzimamzima. Lazima tuuhoji maswali manne. Kwanza, ni halisi, na aliyeuandika ni nani hasa? Pili, aliandika kwa moyo mweupe au alikuwa na lake? Tatu, unawakilisha wenzake, au mengine yamepotea? Nne, maana yake ni nini kwa waliousoma siku ile?

Sasa na mimi nakuhoji. Uongozi ni nani? Niliwahi kuja hapo likizo, nikakuona wewe na ufagio. Halafu namba zako zina mapengo. Kila baada ya tangazo la cherehani, namba inayofuata haipo. Yako wapi hayo mengine? Na umesema Fundi huna la ziada kumhusu, mbona umemwandikia kuliko wapangaji wote wakijumlishwa?

Usichelewe kunijibu, tasnifu inatakiwa mwezi wa saba.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hali ya hewa ni nzuri. Jana kulikuwa na mawingu lakini yalipita. Mpe pole paka.

Maswali yako nimeyapokea. Nilidhani nimetuma zawadi, kumbe nimejipeleka polisi. Hata hivyo nitajibu kwa utaratibu.

Uongozi ni Uongozi. Tangazo likiandikwa "mimi" nani ataliheshimu? Mwalimu angelichora lote jekundu. Kuhusu moyo mweupe, moyo wa Uongozi ni wa kiofisi. Kuhusu mapengo, ni panya. Boksi la sabuni lina harufu nzuri na panya wa hapa wanapenda usafi. Kuhusu maana, maana ya tangazo imeandikwa kwenye tangazo. Ndiyo faida yake.

Kuhusu Fundi nimeshasema.

Kuna jambo jingine. Mwalimu hana kifua. Jengo zima sasa linajua kwamba ubao wetu unasomwa chuo kikuu, na mambo uliyoyaogopa yametimia. Zamani watu waliandika "Nani kachukua ndoo yangu?" Juzi Dereva ameandika kurasa mbili zinazoanza, "Ndugu wasomi wa leo na wa vizazi vijavyo, historia ya ndoo hii ni ndefu." Mpangaji mmoja ambaye tangu ahamie hajawahi kuniamkia amebandika wasifu wake na picha. Mwalimu ameandika shairi la kulalamikia taa ya ngazi ya ghorofa yake, ambayo anasema haiwaki wakati ya ghorofa ya tatu inawaka kama mchana. Ametia chumvi, ya ghorofa ya tatu inawaka kawaida tu. Pini zimeniishia.

Fundi peke yake hajabadilika. Anaandika kifupi kama zamani.

Koti sasa lina mifuko minne.

Mjomba wako,
Uongozi

6 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Watoto wa paka wamefumbua macho na nimerudishiwa nguo zangu. Mama amekuandalia swali, na amenilazimisha niliandike kama alivyolisema: "Muulize huyo mdogo wangu, tangu afiwe na mkewe alikuwa hawezi hata kutia uzi kwenye sindano. Hiyo mifuko minne inaota kama uyoga?" Nimefikisha salamu.

Habari kubwa ni hii: sura ya nne imekamilika. Inaitwa "Vita vya Cherehani: Mamlaka na Upinzani katika Jengo la Wapangaji." Nimeonyesha jinsi Uongozi ulivyotumia matangazo kumdhibiti mpangaji mmoja mwanamke, na jinsi mpangaji huyo alivyoendelea kushona kwa ukaidi. Nimeeleza hata ule upendeleo wa taa: ghorofa ya tatu iliwekewa taa kali ili mpangaji mkorofi awe chini ya uangalizi. Profesa amesema ni sura bora kuliko zote alizosoma mwaka huu.

Nakutumia nakala uisome. Nimemwita "Mpangaji F" tu, lakini hata hivyo ni kwa macho yako peke yako. Panya nimewataja kwenye tanbihi, ingawa nimemwambia Mama ni panya wa ajabu, wanakula karatasi zinazofuata za cherehani tu na kuruka nyingine.

Mpwa wako mwenye fahari

17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima.

Najua nimechelewa kukujibu. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Sura yako niliisoma na sikuielewa, lakini niliona jina lako juu ya karatasi iliyopigwa chapa, nikashikwa na fahari. Nikaibandika ubaoni. Yote, ukurasa kwa ukurasa. Nilitoa hata historia ya ndoo ili ienee. Uliniambia ni kwa macho yangu, lakini kwa miaka yote hii kila karatasi muhimu iliyopita mikononi mwangu nimeibandika, na mkono haukuniuliza.

Fundi aliteremka na mkasi wake shingoni kufuata vifungo dukani. Alisimama akasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Dereva alikuwepo, Mwalimu alikuwepo na kalamu yake. Alipomaliza akanigeukia akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo miaka yote hii ilikuwa vita?"

Mpwa wangu, watu wote wakanitazama. Nikasema, "Uongozi utatoa tamko."

Hakuna tamko. Nimekaa mbele ya karatasi tangu siku hiyo, haliji. Kesho yake yeye alibandika lake, nimelinakili hapa:

"Kwa Uongozi na wapangaji. Nimesoma kwamba nilikuwa vitani bila kujua, na mimi si mtu wa vita. Nitahama mwisho wa mwezi ujao. Wenye nguo zao kwangu wazifuate. Koti la Uongozi liko tayari."

Koti sijalifuata. Nikilifuata itakuwa imekwisha.

Cherehani haisikiki siku hizi. Nilikuwa nalalamikia ile sauti, na sasa nikiamka asubuhi ndiyo ninayoitegea sikio. Kama kuna dawa katika vitabu vyako, itafute. Wewe ndiye uliyeleta ugonjwa, na mimi ndiye niliyeusambaza.

Mjomba wako

24 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sitakusimulia habari za paka leo.

Nilipomaliza barua yako nilitoa matangazo yako yote nikayatandika sakafuni, nikayasoma tena, safari hii kama mpwa wako. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikiliza ulichoandika wewe mwenyewe:

"Sauti ya cherehani ya ghorofa ya tatu inafika mpaka chumba cha Uongozi, hasa mlango ukiwa wazi." Mjomba, nani alikuwa anauacha wazi?

"Fundi anakumbushwa kwamba mtu akishona bila kupumzika hukonda. Uongozi umeliona hilo na haujafurahi." Mimi hiyo nimeiandikia kurasa tatu nzima kuhusu mamlaka na mwili wa mpangaji. Kurasa tatu! Na Mama aliisoma mara moja tu mwezi wa tatu akacheka mpaka akaomba maji, nikadhani anacheka ndoo.

"Taa ya ngazi ya ghorofa ya tatu imebadilishwa tena. Ghorofa ya pili iwe na subira." Maskini Mwalimu anapapasa ukuta gizani ili mtu mmoja asijikwae.

Nilikuhoji maswali manne ya profesa, ukakwepa yote, na mimi kwa uroho wa kupata mgogoro nikakubali panya. Sasa najua walichokula. Mapengo yote yanakuja baada ya matangazo yanayomhusu Fundi, kwa hiyo ni majibu yake. Ulikuwa unayatoa ubaoni, unayapa namba kama waraka halali, halafu unayaweka mahali ambapo hakuna pasi wala mpwa atakayeyafikia. Nimekosea?

Nimekwenda kwa profesa nikaiondoa sura. Akavua miwani akaniambia, "Mapenzi hayakuwemo kwenye mpango wako wa utafiti." Nikamwambia hayakuwemo hata kwenye mpango wa jengo. Amenipa mpaka mwisho wa Agosti kuiandika upya, na hakucheka. Nikishindwa nitarudia mwaka. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lako ni moja. Usinitumie hayo majibu, mimi nimeshasoma vya kutosha vya watu. Yabandike. Hakuwa anauuliza Uongozi, alikuuliza wewe kama ilikuwa vita, na ushahidi uko kwako. Mama anasema nikwambie mficha uchi hazai. Nimemwambia kwa umri wako kuzaa si lazima, akasema basi angalau asibaki peke yake.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe, kwa mbio.

Mpwa wako, anayekupenda

31 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Goti limepona au nimelisahau, moja kati ya hayo mawili.

Umekosea kitu kimoja tu: hayakuwa mbali. Yalikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la sikukuu. Baada ya barua yako nilikaa nayo wiki nzima, kwa sababu mimi ni mwoga, nalisema wazi. Halafu asubuhi moja nikasikia anaburuta cherehani sakafuni, anaifungasha. Nikachukua pini.

Niliondoa kila kitu ubaoni, pamoja na shairi la Mwalimu. Nikabandika matangazo yangu, na chini ya kila moja jibu lake. Yameandikwa kwenye vipande vya ile karatasi ya kukatia mitindo, yeye hana karatasi nyingine. Moja linasema, "Uongozi unaombwa kufunga mlango wake." Jingine, "Siku cherehani isiposikika, Uongozi utauliza nini?" Jingine, "Koti la Uongozi limechanika mfuko. Liletwe." Yalipopangwa hivyo, juu langu, chini lake, hata Dereva alielewa, na yeye huwa haelewi ndoo yake iko wapi. Mwalimu akaja na kalamu nyekundu. Akasoma yote, akaifunga kalamu, akaondoka na giza lake bila kulalamika.

Fundi akateremka. Akasoma taratibu, akinyoosha kila kipande kwa kidole kama anapima mshono. Akasema, "Nilidhani unayawashia jiko." Nikasema, "Hapana." Nikafungua mdomo niendelee, mpwa wangu, na hamkuwa na kitu humo. Mimi niliyeandika mamia ya matangazo nilisimama mbele yake kama mlango. Akaningoja. Aliponihurumia akasema, "Basi liandike."

Nikaliandika palepale, kwenye goti hilihili, yeye akishika karatasi isipeperuke. Nakutumia nakala kwa ajili ya sura yako. Lihoji upendavyo, halina panya. Aliyeandika ni mimi. Moyo ni mweupe. Jingine linalofanana nalo sijawahi kuandika. Na maana yake aliyelisoma aliielewa, kwa sababu alilipokea, akalisoma, akapanda ghorofa ya tatu kwenda kufungua mizigo. Koti amenivalisha mwenyewe.

Msalimie dada yangu. Mwambie apige simu akitaka, nitapokea, hakuna tena habari mbaya ninayoiogopa. Wewe andika sura yako bila hofu, na ukishaimaliza usinitumie.

Mjomba wako

TANGAZO

Kwa wapangaji wote.

Uongozi unasikitika kwamba kwa miaka mingi umekuwa ukilalamikia sauti ya cherehani ya ghorofa ya tatu. Malalamiko hayo hayakuwa ya kweli na yanafutwa yote.

Fundi hahami. Uongozi umemwomba hivyo kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo umeshindwa.

Taa ya ghorofa ya pili itawekwa leo.

Mpangaji atakayesumbuliwa na sauti ya cherehani afunge mlango wake. Wa Uongozi utabaki wazi.